Kamera Ilifika Kabla Yake

Jioni moja nilikaa katika ukumbi wa sinema hapa Nairobi, jirani yangu akiwa mzee mmoja wa Naro Moru ambaye amewaongoza wageni kwenye Mlima Kenya kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulikuwa tunatazama filamu fupi za milima, zile zinazozungushwa kutoka mji hadi mji baada ya tamasha kubwa kumalizika ng'ambo. Kwenye skrini kijana mmoja alikuwa anamalizia hatua za mwisho za ukingo wa theluji, akihema, muziki ukipanda pamoja naye. Akafika kileleni. Akapiga magoti. Ukumbi ukapiga makofi. Mzee akaniinamia sikioni, akasema, "Kijana wangu, hiyo kamera ilifika kabla yake."

Tangu siku hiyo sijaweza kutazama filamu ya mlima bila kujiuliza aliyeshika kamera alipitia wapi, nani alimbebea mizigo, na alikaa pale juu kwenye upepo kwa muda gani akimsubiri shujaa afike. Nimejaribu kulifuatilia swali hilo mpaka mwisho wake, kwa sababu ninazipenda filamu hizi na ninaamini mtazamaji wa Nairobi ana masikio na macho ya kuziona kwa namna ambayo watazamaji wengi wa kwingine hawana.

Zinatoka wapi

Jina "filamu ya mlima" limebeba mengi. Ndani yake mna kukwea majabali, kuteleza kwenye theluji, kupiga makasia kwenye maporomoko ya mito, mbio za milimani, baiskeli kwenye njia za mawe, hata hadithi tulivu ya mchungaji anayehama na kondoo wake. Kipimo changu mimi ni hiki: mlima ukiondolewa, au mto, au jangwa, hadithi inabaki na nini? Ikibaki nzima, basi hiyo ni filamu ya kawaida iliyopigwa mahali pazuri.

Wajerumani walikuwa na aina hii ya filamu tangu miaka ya 1920, Arnold Fanck alipokuwa akiwapeleka waigizaji wake kwenye theluji halisi ya milima. Mwaka 1924 Mwingereza John Noel alipiga filamu ya msafara wa Everest ambao George Mallory na Andrew Irvine hawakurudi kutoka kwake. Tamasha la kwanza la filamu za milima lilianzishwa Trento, Italia, mwaka 1952, na bado linaendelea. Banff, mji mdogo uliozungukwa na milima ya Rockies huko Kanada, ulianza lake mwaka 1976. Telluride, Marekani, ikafuata mwaka 1979, kisha Kendal, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1980. Ukiacha Trento, miji hii haina ukubwa wowote wa kutajwa. Ni miji ya watu wanaoamka na kuuona mlima dirishani, jambo ambalo hata Nairobi hulipata asubuhi za mbingu safi, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, inapojitokeza upande wa kaskazini kabla mawingu hayajaifunika.

Filamu hizi hutufikia kwa njia rahisi kueleza. Watengenezaji hutuma kazi zao kwenye tamasha. Jopo la wachaguzi hutazama mamia ya saa za picha, huchuja, na zilizobaki huonyeshwa kwa siku kadhaa mbele ya majaji. Tamasha likiisha, baadhi ya filamu huwekwa kwenye fungu la kusafiri. Mwenyeji wa kila mji hulipia haki ya kuzionyesha, hupewa orodha, naye huchagua zinazomfaa kufuatana na urefu, mada na hadhira yake. Ndiyo maana jioni moja ya saa mbili na nusu huwa na filamu saba au nane za urefu tofauti, nyingine dakika nne, nyingine arubaini, na mapumziko katikati. Mpangilio wenyewe ni ufundi. Mwenyeji mzuri haweki filamu mbili za vifo mfululizo, na hapeleki watu nyumbani na huzuni. Hapa Kenya kuna hatua moja zaidi: filamu yoyote inayoonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ambayo huipa alama ya rika, kuanzia GE kwa watu wote, kisha PG, 16 na 18.

Hayo ni ya utaratibu. Ugumu uko kwenye picha yenyewe.

Neno moja: baridi

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao yake Rabai, nyuma ya Mombasa, aliuona Kilimanjaro. Juu yake aliona weupe, akadhani ni wingu. Kiongozi wa msafara wake, anayekumbukwa kwa jina la Bwana Kheri, aliuita weupe ule kwa neno moja ambalo Rebmann aliliandika kwenye kumbukumbu zake: baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Habari zilipofika London, wapo wataalamu wa jiografia waliokataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, aliendelea kubisha kwa miaka mingi.

Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mlima ulivyokuwa kabla ya kamera. Ushahidi wote ulikuwa maneno. Bwana Kheri alijua alichokijua, na neno lake lilikuwa sahihi; theluji ni baridi iliyojikusanya mahali. Lakini neno la mtu wa pwani lilihitaji kuaminiwa na mtu aliyeketi mbali, na halikuaminiwa. Kamera ilipokuja ilichukua nafasi ya shahidi huyo. Tangu hapo aliyefika kileleni bila picha huulizwa maswali, na mwenye picha hupigiwa makofi.

Sasa tazama picha mashuhuri kuliko zote za milimani. Tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika juu ya Everest. Picha ya kileleni ambayo dunia nzima inaijua ni ya Tenzing, ameinua shoka lake la barafu lenye bendera. Hillary hana picha ya namna hiyo, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kamera. Watu wengi huiangalia picha ile bila kuona kwamba wapo wawili ndani yake, mmoja mbele ya lenzi na mmoja nyuma.

Hilo ndilo alilonifundisha yule mzee kwa mnong'ono mmoja. Kila picha ya mtu aliye peke yake mlimani ina mtu wa pili.

Inavyopigwa

Kwa hiyo kamera hutanguliaje? Njia zipo kadhaa, na filamu moja huzichanganya zote. Mara nyingine wapiga picha hupanda mapema kwa njia nyepesi zaidi, hufunga kamba juu, kisha hujiteremsha mpaka usawa wa mkweaji na kuning'inia kando yake. Mara nyingine mkweaji mwenyewe hurudia kipande siku nyingine, kwa ajili ya picha ya karibu ya vidole vyake tu. Mara nyingine kamera iko mlima wa pili, kilomita nzima mbali, na lenzi ndefu. Mhariri huviunganisha vipande hivyo hata vikaonekana kuwa vya dakika ileile.

Anayezijua njia za milima huona mishono. Mzee aliniambia alichokiona yeye: theluji mbele ya yule kijana haikuwa na nyayo hata moja, na kamera ilikuwa mbele yake ikimtazama anakuja. Basi mwenye kamera alipanda kwa upande mwingine, au alishushwa. Siku nyingine ni kivuli kinachoanguka kushoto na baada ya sekunde mbili kinaanguka kulia, au ndevu zinazorefuka na kufupika ndani ya siku inayodaiwa kuwa moja.

Je, huo ni udanganyifu? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba inategemea ahadi ambayo filamu imempa mtazamaji. Mfano mzuri ni Touching the Void ya mwaka 2003. Joe Simpson na Simon Yates walipanda Siula Grande huko Peru mwaka 1985. Wakati wa kushuka Simpson akavunjika mguu, na baadaye Yates, akiwa anavutwa taratibu kutoka alipoketi kwenye theluji na uzito wa Simpson aliyening'inia chini, akaikata kamba iliyowaunganisha. Wote wawili walinusurika. Siku ile hapakuwa na kamera ya filamu. Kwa hiyo mwelekezi Kevin Macdonald aliwaweka wenyewe mbele ya lenzi wasimulie, kisha akawatumia waigizaji kuonyesha yaliyotokea. Mtazamaji anajua wazi nani ni nani. Hakuna aliyedanganywa, na bado moyo unakwenda mbio.

Tatizo huja pale filamu inapoahidi kwamba unayaona mambo yakitokea, kumbe unaona marudio. Hapo ndipo ninapowataka waelekezi wawe wakweli zaidi. Mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini ungetosha.

Kuna filamu moja iliyolifanya swali la kamera kuwa sehemu ya hadithi yenyewe, na ndiyo maana ninaiheshimu. Tarehe 3 Juni 2017 Alex Honnold alikwea El Capitan, ukuta wa mawe wa Yosemite, California, wenye urefu wa karibu mita 900, bila kamba na bila kitu chochote cha kumzuia asianguke. Ilimchukua saa tatu na dakika 56. Jimmy Chin na Elizabeth Chai Vasarhelyi ndio waliotengeneza filamu yake, Free Solo, iliyotoka mwaka 2018 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Wapiga picha waliokuwa ukutani walikuwa wakweaji stadi, nao wamening'inia kwenye kamba. Honnold alikuwa amejizoeza njia ile kwa kamba mara nyingi mno, na mwaka uliotangulia alianza jaribio la bila kamba akaliacha njiani. Hofu ya kikundi ilikuwa moja: je, sisi kuwapo pale kutamfanya ateleze? Kwenye kipande kigumu kuliko vyote waliweka kamera inayoendeshwa kwa mbali, ili kusiwe na jicho la mtu karibu naye. Chini ya ukuta, mpiga picha mmoja mwenye lenzi ndefu aligeuza uso kando. Hakuweza kutazama. Waelekezi wakaiacha sehemu hiyo ndani ya filamu, na kwangu mimi huyo aliyegeuza uso ndiye mtu wa kweli kuliko wote katika filamu nzima.

Mwili nao una sheria zake. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na mgeni wa kutoka Mombasa huhema akipanda ngazi. Kwenye mita 5,000, yaani usawa wa Lenana, kilele kimoja cha Mlima Kenya, msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Juu ya Everest ni karibu theluthi moja. Katika hali hiyo mkweaji anabeba maji na chakula chake. Mpiga picha anabeba hivyo pamoja na kamera, lenzi na miguu mitatu ya chuma. Betri hupungua nguvu kwenye baridi, hivyo hulala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, zimegusana na ngozi. Akiingia kwenye kibanda chenye joto lenzi hupata ukungu. Droni nayo hutaabika, kwa kuwa hewa hafifu haiyashiki mapanga yake vizuri; lazima yazunguke kwa kasi zaidi, na betri huisha upesi.

Zamani ilikuwa taabu kubwa zaidi. David Breashears alipokwenda Everest mwaka 1996 kupiga filamu ya skrini kubwa ya IMAX, kamera iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya safari ile ilikuwa bado karibu kilo 19, na mkanda mmoja ulitosha sekunde 90 tu. Sekunde 90, kisha mtu avue glavu na kubadilisha mkanda kwenye baridi inayokata vidole. Mwezi wa Mei mwaka huo dhoruba ikaua watu wanane mlimani. Kikundi cha Breashears kikaacha kupiga picha, kikatoa mitungi yake ya oksijeni na kusaidia kuwateremsha walionusurika, na baadaye tu ndipo kikarudi kumaliza kazi. Tukiwa tunauliza kamera inafaa nini mlimani, uamuzi ule wa kuiweka chini unastahili kukumbukwa.

Mambo mawili zaidi ya kiufundi. La kwanza ni sauti. Upepo wa mlimani huharibu karibu kila kitu kinachorekodiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachosikia hutengenezwa studioni. Ule mlio wa buti zikisaga theluji mara nyingi ni mtu aliyekaa kwenye chumba chenye joto akifinyanga mfuko wa wanga wa mahindi mbele ya maikrofoni. La pili ni mwinuko. Kamera ikiinamishwa kidogo, mteremko wa kawaida hugeuka ukuta. Ukitaka kujua ukweli tafuta kitu kinachoning'inia: kamba iliyolegea, mkanda wa begi, tone la maji. Hivyo vinafuata uzito wa dunia tu. Kamba ikining'inia mshazari kwenye skrini, jua kwamba kamera ndiyo iliyoinama.

Anayelipa

Hapa nitakuwa mfupi. Filamu nyingi fupi za matamasha haya hulipiwa na kampuni zinazouza nguo, viatu, mahema na vinywaji. Red Bull ina kampuni yake nzima ya filamu, iliyoanzishwa mwaka 2007. Patagonia na The North Face hugharimia filamu pia. Bila fedha hizo wakweaji wengi wasingeweza kuishi kwa kazi hii, na baadhi ya filamu hizo ni nzuri na za kweli. Ila mlipaji huchagua hadithi. Huchagua mtu mwenye sura na mwili wa kuuzia koti, na hupenda mwisho wenye ushindi. Mkweaji aliyerudi chini kwa sababu hali ya hewa haikumpendeza, ambaye kwa kila mwongozaji wa Naro Moru ndiye mwenye akili, hapati filamu kwa urahisi.

Maneno yasiyoandikwa chini ya skrini

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Kuna filamu za Kilimanjaro na Mlima Kenya ambazo ndani yake mgeni anaongea kwa kirefu kuhusu safari yake ya moyoni, na nyuma yake wapagazi wanaongea Kiswahili. Maneno ya mgeni yameandikwa chini ya skrini kwa lugha tatu. Maneno ya wapagazi hayana tafsiri. Yameachwa kama yanavyoachwa mlio wa ndege. Kwa mtazamaji wa Munich au Toronto ile ni sauti ya mandhari tu. Kwetu ni mazungumzo. Tunasikia mmoja akimuuliza mwenzake kama mgeni amekunywa maji. Tunasikia mwingine akisema tusimkimbize, twende polepole, kichwa kinamuuma na hataki kusema. Yaani tunasikia watu wakifanya kazi ya kuokoa maisha ya mhusika mkuu, wakati yeye mwenyewe anaeleza kwamba mlimani mtu hujitegemea.

Wapagazi hawa wana historia ndefu. Halford Mackinder alipokwenda kuupanda Mlima Kenya mwaka 1899 alifuatana na Wazungu wengine watano, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Waswahili wawili waliuawa msafara ulipokwenda kutafuta chakula. Tarehe 13 Septemba waliosimama juu ya Batian walikuwa watatu: Mackinder na waongozaji wake kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Hao watatu wana majina kwenye kila kitabu. Vilele vyenyewe vikapewa majina ya viongozi wa Kimaasai, Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188, na Lenana wa mita 4,985. Waliobeba unga na mahema wakabaki tarakimu.

Filamu inaweza kurekebisha hilo, na mfano upo. Mwelekezi Jennifer Peedom alikwenda Everest mwaka 2014 kupiga filamu iliyowaweka mbele Washerpa, wenyeji wa Nepal wanaobeba mizigo na kuwaongoza wageni, iitwayo Sherpa. Akiwa huko, tarehe 18 Aprili, barafu ikaporomoka kwenye njia ya Khumbu na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal. Wenzao wakakataa kuendelea na msimu. Kamera yake ilikuwa tayari imeelekezwa kwao, kwa hiyo dunia ikasikia hasira yao kwa maneno yao. Angekuwa amekwenda kumfuata mgeni mmoja anayetimiza ndoto, tungeona mgeni aliyesikitika kwa kuharibikiwa na likizo.

Kilimanjaro mpagazi hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Kamera na betri za kikundi cha filamu ziko ndani ya kilo hizo. Ninatamani kuona filamu inayoanzia pale kwenye mizani, mzigo unaponing'inizwa na namba kusomwa kwa sauti, na kumfuata aliyeupokea mpaka kambini, ajenge hema, ateke maji, apike, alale, na aamke kabla ya wageni. Mlima wote ungekuwa mle ndani.

Kwa nini zetu ni chache

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusizitengeneze sisi. Hadithi zipo. Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya kwenye Lenana wakati wa uhuru, Desemba 1963. Miaka miwili kabla yake, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alikuwa ameupandisha mwenge wa uhuru juu ya Kilimanjaro. Mwaka 1943 mateka wa vita wa Kiitalia, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wakarudi wenyewe kambini. Na katika miaka yetu hii James Kagambi, mwalimu wa milima aliyefundisha vijana wengi, alifika juu ya Everest tarehe 12 Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, Cheruiyot Kirui alifia karibu na kilele hichohicho akijaribu kukifikia bila oksijeni ya mtungi, na familia yake ikaamua apumzike mlimani. Siku zile nchi nzima iliongea kuhusu Everest kama watu wanavyoongea kuhusu jirani aliyefiwa. Baada ya hapo hakuna atakayeniambia kwamba mambo ya milima ni ya wageni.

Kinachokwamisha ni vitu vya kawaida kabisa. Leseni ya kupiga filamu ni lazima, mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, zina ada zake za kupiga picha za filamu, na droni inahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga. Ada za kutuma filamu kwenye matamasha ya nje hulipwa kwa dola. Bima ya mtu anayening'inia ukutani na kamera ni ghali. Juu ya hayo yote, watu wanaoweza kukwea na kupiga picha kwa wakati mmoja ni wachache. Lenana mtu hufika kwa miguu. Batian inataka kamba, na mpiga picha wa Batian lazima awe mkweaji kwanza. Mafunzo hayo huanzia kwenye majabali ya Lukenya na Hell's Gate, wikendi baada ya wikendi, kwa miaka. Wapo vijana wanaofanya hivyo sasa hivi. Wakipewa kamera mapema, badala ya kungoja mpaka wawe mabingwa, tutapata filamu zetu.

Na hatuna muda wote duniani. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, imesinyaa kiasi kwamba mtu anayezilinganisha picha za zamani na za leo hudhani ni mahali pawili tofauti. Mwezi wa Novemba 2022 UNESCO ilitoa ripoti ikisema barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zikaisha kabisa kufikia mwaka 2050. Mtoto anayezaliwa Pumwani mwaka huu anaweza kufika umri wa kuupanda mlima na asikute kile alichokiita Bwana Kheri kwa neno moja. Atakachokuwa nacho ni filamu, na itategemea nani aliipiga na alimwelekezea nani kamera.

Onyesho lilipokwisha nilimsindikiza mzee mpaka stendi ya magari ya Nanyuki. Njiani nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuwa kwenye filamu. Akacheka kidogo. Akasema kuwa mara moja, miaka mingi iliyopita, aliondoka kambini saa nane usiku na miguu mitatu ya kamera begani, akapanda Lenana gizani pamoja na mpiga picha, wakasimama pale juu kwa muda wa karibu saa mbili ili wageni wakifika na jua wapigwe picha wakifika. Vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi kwa wiki nzima. "Nilimshikia mguu mmoja wa ile kamera muda wote, upepo usiitikise," akasema.

"Na filamu ilikuwaje, mzee?"

"Walisema watanitumia," akajibu, akapanda gari.